Sura ya Tisa: Nimepokea

Mambo yaliharibika Jumatano, tarehe kumi na mbili, saa za mchana, nikiwa na misumari midogo mdomoni na goti langu juu ya sponji ya kochi la watu. Mwenye kochi alikuwa amekwisha nipigia asubuhi kuniuliza kama nalishona au naliatamia. Kwa hiyo simu ilipoanza kutetemeka mezani, sikuitazama. Ikatetemeka tena, na tena, kama mtu mwenye homa.

"Grupu hilo," akasema Vanishi kutoka upande wake wa karakana. Yeye kazi yake ni kupaka mbao rangi. Jina lake la kweli nadhani hata mkewe amelisahau. "Jibu upesi, fundi. Wiki hii mimi sifagii ngazi na wewe usifagie."

Inabidi nieleze habari ya ngazi, maana huko ndiko yalikoanzia yote.

Jengo letu ni la mafundi. Chini tupo sisi wa mbao na makochi, juu wapo washonaji. Mwenyekiti wa wapangaji alifungua grupu la simu, akatuingiza sote bila kumuuliza mtu, kisha akatunga sheria yake. Tangazo likitoka, kila mmoja aandike "Nimepokea". Asiyeandika kabla ya jua kuzama, jina lake linatajwa mbele ya wote na anafagia ngazi wiki nzima. Mwenyekiti mwenyewe hajawahi kushika ufagio tangu nimjue. Basi sote tukajifunza kupokea. Kusoma hakuna aliyejifunza, kwa sababu kwa kutosoma hakukuwekwa adhabu.

Nikatema misumari kiganjani, nikachukua simu. Halikuwa tangazo la Mwenyekiti. Lilikuwa la Pindo.

Moyo wangu ukaruka, kama unavyoruka kila nikiona jina lile. Mimi shule niliishia darasa la tano. Nasoma kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, nakanyaga moja, nasimama, natafuta jingine. Nikaanza kuvuka.

"Ndugu zangu wa jengo, nawasalimu. Mimi jirani yenu mshona mapazia nawaaga. Nyumbani wamenipatia mchumba, mtu mwenye duka lake la vioo, na Jumapili wageni wanakuja kuchukua jibu. Nitahama, na chumba changu cha kazi nitakikabidhi kwa..."

Hapo maneno yakakatika. Mbele yake vikabaki vidoti na yale maneno mawili ya bluu: Soma zaidi.

Kidole changu kilikuwa na gundi. Na hata kingekuwa safi, nisome zaidi nini? Mtu akikuchoma kisu, unamwomba akusimulie kisu kilinunuliwa wapi? Niliona "mchumba", nikaona "vioo", nikaona "nawaaga". Vanishi alikuwa akiniita, sikumsikia. Nikaanza kuandika, herufi moja moja, nafuta, naandika. Nilitafuta neno litakalomuuma kama nilivyoumia. Nikalipata, nikalituma mbele ya jengo zima:

"Nimepokea. Hongera. Mlango wa kutokea haujafungwa."

Wengine wakafuata. Nimepokea, hongera. Nimepokea, kila la heri. Nimepokea. Mmoja akaweka maua, wengine wakaiga, grupu likajaa maua kama bustani. Kabla ya saa kupita, Mwenyekiti akaandika, "Pongezi zimetosha, tusijaze simu za watu," akafunga grupu. Akifunga, anaandika yeye tu, na sisi tunabaki watazamaji.

Nikarudisha misumari mdomoni. Siku ile nililishona lile kochi kama nalipiga.

*

Pindo tulimpa sisi jina hilo. Wenzake wakimwonyesha mteja maua ya kitambaa na jinsi kinavyong'aa, yeye alikuwa akipiga magoti na kutazama chini, kule pazia linakoishia. "Pindo likikaa vibaya," alikuwa akisema, "pazia lote linaning'inia kama shati la mlevi." Angeweza kufumua kazi ya siku nzima kwa sababu ya kipande cha upana wa ukucha. Alikuwa na macho ya kutulia. Akikutazama, unajisikia kukaa vizuri, hata kama ulikuwa umekunja mgongo tangu asubuhi.

Tulikutana kwa sababu ya msiba wangu. Mke wangu aliugua, akalazwa hospitalini, na kila nilipouliza, niliambiwa daktari mkubwa yuko kwenye kikao. Alikata roho na kikao hakijaisha. Nikampigia Mwenyekiti nimwarifu, ili majirani wajue. Akasema, "Pole sana, fundi, nitalitoa tangazo." Na kweli alilitoa. Akaanza na takataka. Akafuata na taa ya choo iliyoibiwa. Akaja na ukumbusho wa kufunga bomba. Chini kabisa, baada ya yote hayo, akaandika: "Pia: fundi makochi amefiwa na mkewe."

Jengo zima likajibu, "Nimepokea." Mmoja akaweka dole gumba. Mke wangu wa miaka yote ile, mwanamke aliyenichekesha hata nikiwa na njaa, akawekewa dole gumba.

Siku niliyorudi kazini, nikakaa juu ya fremu tupu ya kochi nikitazama mikono yangu. Watu walipita, "Vipi fundi, kazi inasonga?" Ndipo akashuka ngazi mwanamke wa mapazia, ambaye kabla ya hapo tulikuwa tukisalimiana tu. Amebeba chupa ya chai na kikombe kimoja. Akakaa kwenye fremu ile ile, upande wa pili.

"Pole, kaka yangu," akasema. "Nilisoma mpaka chini."

 Nikalia pale pale, mimi mwanaume mzima, na yeye akageuza uso kutazama ukuta ili nisione haya. Hapo ndipo nilipoanza kumpenda, ingawa nilichukua mwaka mzima kukubali kwamba ni mapenzi.

Tulipendana kimya kimya. Mchana nikipanda kuomba uzi ambao sikuuhitaji, aliacha pazia la mlango wake wazi kidogo, nikajua nakaribishwa. Tulicheka kwa sauti za chini. Alinikatia uzi begani kwa meno, na kichwa chake kikakaa hapo muda mrefu kuliko uzi unavyohitaji. Lakini kila mara swali lake lilikuwa lile lile.

"Hivi wewe, lini utanitaja mbele za watu?"

"Taratibu, mpenzi. Watu watasema."

"Watu gani? Hawa wanaoandika 'Nimepokea'?"

"Mke wangu hawajamsahau."

"Hata mimi sijamsahau. Mimi ndiye niliyesoma kwamba amekufa." Akanitazama kwa macho yale. "Mimi sitaki sherehe. Nataka siku moja, katikati ya watu, mdomo wako ulitoe jina langu bila kutazama nyuma. Basi."

Nikamwahidi. Ningelitoa, Mungu anajua. Lakini ukiwa na Mwenyekiti anayetaja majina ya watu kwa kuwaadhibu tu, unaanza kuogopa jina kutajwa hata kwa wema.

*

Jumamosi, Vanishi alikuwa amekaa juu ya mkebe wa rangi akisubiri mbao zikauke, anapitia simu yake kutafuta vichekesho vya zamani vya kwenye grupu. Anacheka peke yake. Halafu nikasikia kicheko kimekatika.

"Fundi."

"Nina kazi."

"Weka nyundo chini." Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Hili tangazo la Pindo, wewe ulilibonyeza hapa chini?"

"Nilibonyeze niambiwe rangi ya gauni?"

"Fundi, humu ndani kuna mtu anapendwa."

"Nani?"

"Wewe, mjinga wewe. Unadhani sijui ni uzi gani unaopanda kuuomba kila mchana?"

Akanisomea. Vanishi ambaye hajawahi kusoma kitu bila kukitia mzaha, alinisomea yale maneno polepole, kama mtu anayebeba maji kwa viganja.

"'...kwa mwenye jengo mwisho wa mwezi. Hayo ya juu ndiyo niliyoagizwa nyumbani niyaandike. Haya ya chini ni yangu. Ninayempenda yumo humu humu kwenye grupu. Simtaji, kwa kuwa kunitaja ni zamu yake. Najua wengi wenu mtaishia juu na kutupa pongezi. Yeye atafika huku chini, maana anajua kwamba mimi nilimsoma yeye mpaka chini. Kabla ya Jumapili, akiniambia hapa hapa mbele yenu, Pindo usiende, sitakwenda. Baba nitamkabili mwenyewe.'"

Nikamnyang'anya simu. Nikasoma mwenyewe, jiwe kwa jiwe. Nikafika "usiende", nikarudi kuanza upya, kana kwamba nikisoma mara ya pili nitakuta sikuandika nilichoandika. Lakini hapo chini yake, jibu la kwanza kabisa, lilikuwa langu. Mlango wa kutokea haujafungwa.

"Andika sasa!" Vanishi akanipigia kelele. "Andika, unasubiri nini?"

Nikagusa pale pa kuandikia. Hapakuwa na pa kuandikia. Palikuwa na mstari wa kijivu unaosema wasimamizi pekee ndio wanaoweza kutuma ujumbe.

"Kafunga," nikasema. "Yule mtu kafunga."

"Basi nenda kwao."

"Kwao sijawahi kufika."

Vanishi akanitazama kwa namna ambayo sikuipenda. "Miaka yote hii?"

Nikavua aproni, nikatoka, nikaulizia njia mpaka kwao.

*

Baba yake alikuwa uani, dereva wa malori aliyestaafu, mtu mwenye mabega kama mlango. Alikuwa amepanga viatu vya nyumba nzima ukutani, anavipiga rangi kimoja kimoja. Vya kwake, vya wajukuu, na pembeni, peke yake, jozi ndogo ya kike yenye kisigino kifupi. Nilivijua vile viatu. Vilikuwa vikishuka ngazi zetu kila jioni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Hakuinua kichwa. "Nani mwenzetu?"

"Mimi fundi makochi, baba. Wa kule kazini kwa binti."

"Aa. Wa makochi." Akatemea kiatu mate kidogo, akasugua. "Sisi makochi yetu mazima."

"Sikuja kwa kochi, mzee wangu."

"Basi umekuja kwa nini? Maana miaka yote hii hukuja kwa lolote." Sasa akainua macho. Yalikuwa macho ya bintiye, ila yamechoka. "Unadhani sijui? Mtoto anarudi kazini anatabasamu na ukuta. Anaimba akifua. Nikamwambia mama yake, tungoje, mwenyewe atakuja. Tukangoja. Mama yake kaingia kaburini anangoja. Huyu mwenye vioo alipofika hapa, alibisha hodi mchana kweupe, akasema jina lake, akasema na jina la binti yangu. Hujui jinsi baba anavyofurahi kusikia jina la mwanawe kwenye mdomo wa mtu asiyeogopa."

"Baba, naomba nimwone. Kidogo tu."

"Mimi sina la kukataza. Ana akili zake." Akarudi kwenye kiatu. "Ila fundi, mimi nimeendesha magari makubwa maisha yangu yote. Mtu akilala kwenye usukani, akizinduka anasema, mbona barabara imepinda?"

 Pindo alikuwa amesimama mlangoni. Sijui alifika lini. Futi yake ya kupimia ilikuwa shingoni, hata nyumbani, hata Jumamosi. Alikuwa amekonda usoni. Akanitazama, na kwa mara ya kwanza sikujisikia kukaa vizuri.

"Karibu," akasema, kama anavyomwambia mteja.

Tukasimama pembeni ya ua, kwenye kamba ya nguo. Kati yetu zilining'inia shuka mbili, upepo unazisogeza, mara namwona, mara namkosa.

"Nimesoma," nikasema.

"Umesoma lini?"

"Leo."

"Na ulijibu lini?"

Nikaitazama kamba ya nguo.

"Ulijibu lini, mpenzi wangu?" Akalisema lile neno mpenzi kwa upole mpaka nikatamani angenitukana.

"Jumatano."

"Jumatano." Akashika ukingo wa shuka, akaupapasa kwa vidole, akiutafuta ushono kwa mazoea. "Unajua nilikuwa wapi? Nilikuwa juu, kwenye cherehani, chumba kimoja juu ya kichwa chako. Nikaona jina lako, 'anaandika'. Wewe unavyoandika taratibu. 'Anaandika', ikapotea, 'anaandika' tena. Nikasema moyoni, amefika chini. Anatafuta maneno, masikini, hajui kuandika, anahangaika kwa ajili yangu. Nilicheka. Nikasimama kabisa, nikalifungua pazia la mlango, nikijua utapanda zile ngazi mbili mbili."

"Pindo..."

"Halafu ikaja."

Shuka ikasogea, nikamkosa. Iliporudi, macho yalikuwa yamejaa lakini hayakumwagika.

"Nilikuwa na hasira," nikasema. "Niliona mchumba, nikaona vioo. Ni nani angeendelea kusoma? Na yule Mwenyekiti katuzoesha vibaya, mtu unajibu kwanza. Ni yeye aliyetufanya hivi. Halafu kafunga grupu, angeacha wazi ningerudi."

"Ungerudi kufanya nini? Hukujua kuna kitu cha kurudia." Akatikisa kichwa. "Acha Mwenyekiti. Kila siku ni Mwenyekiti. Siku ya msiba wako, sheria ilikuwa ile ile, na ngazi ni zile zile. Mimi nilisoma."

"Wewe unajua kusoma kuliko mimi."

"Usiseme hivyo!" Sauti ikapanda, baba yake akaacha kusugua kiatu. Akaishusha. "Usijifiche huko. Ningekuandikia kurasa mia ungefika, hata kwa siku nzima, kama ungetaka kufika. Unajua kinachoniuma? Ungesoma yote ukasema nenda, ningelia, ningenyamaza, ningejua nimekataliwa. Wewe hukunikataa. Hukunifikia. Nilikuwa nimesimama pale chini nakungoja, na wewe ukamjibu mtu mwingine kule juu."

Nilitaka kumshika mkono. Shuka ilikuwa katikati, nikashika shuka.

"Nipo sasa," nikasema. "Sasa nimefika. Sikia, Pindo. Usiende."

Akafumba macho. Sikuwahi kuona mtu akilipokea neno namna ile, kama mtu mwenye kiu aliyepewa maji ya moto. Kwa dakika moja nikadhani nimempata.

"Nililitaka sana hilo neno," akasema. "Lakini unanong'ona. Hata hapa kwetu, nyuma ya shuka, unanong'ona. Umetazama nyuma mara mbili tangu uje."

"Kwa sababu ya mzee!"

"Leo ni mzee. Kesho atakuwa nani?" Akaifungua futi shingoni, akaikunja kwenye vidole, akaifungua tena. "Nilikuomba jambo moja. Pale, mbele yao, jina langu. Pale uliponiambia mlango uko wazi, wote wakisoma. Huo mlango umeniuma mbele ya watu, ukaufunge mbele ya watu."

"Grupu limefungwa."

"Najua limefungwa. Jumapili haijafungwa."

Akageuka. Mlangoni akasimama kidogo, mkono kwenye fremu, mgongo kwangu. Nilijua angegeuka kama ningesema kwa sauti. Nilifungua mdomo. Baba yake alikuwa ananitazama, brashi mkononi. Nikasema, "Nitarudi."

Pindo akaingia ndani.

*

Mwenyekiti nilimkuta kwenye kile chumba chini ya ngazi anachokiita ofisi, anafunga rundo la funguo kwa mpira. Nilimweleza. Nilijishusha kuliko nilivyowahi kujishusha kwa mtu, nikamwita mheshimiwa.

"Fungua grupu kidogo tu, mheshimiwa. Sentensi moja."

"Fundi, grupu si kijiwe. Nikilifungua kwa ajili yako, kesho atakuja mwingine na mambo ya mkewe. Ni la matangazo."

"Basi hili ni tangazo."

"La nini?"

"La... la mtu asihame."

Akacheka puani. "Mbona Jumatano ulimpongeza? Nimeona mwenyewe. Na ulikuwa wa kwanza, nikasema huyu sasa amenyooka."

"Wewe uliisoma yote?"

"Nilipokea," akasema bila hata kupepesa.

Nilikunja ngumi mfukoni. Nadhani aliiona, maana akalainika kidogo. "Tazama. Jioni hii natoa tangazo la maji, na nikitoa nalifungua watu wajibu. Niambie neno lako, nitalitia humo. Zaidi ya hapo usiniombe."

"Andika hivi: Fundi makochi anasema mbele ya wote, Pindo, usiende." Nikarudia, polepole. "Pindo, usiende. Jina liwepo. Bila jina hakuna kitu."

"Nimekusikia."

"Na uliweke juu. Mwanzo kabisa."

"Fundi, nimekusikia!"

Nikakaa karakana na Vanishi, simu iko juu ya mkono wa kochi, tunaitazama kama watu wanaochemsha maziwa. Jua lilikuwa linashuka dirishani ilipotetemeka. Nikabonyeza Soma zaidi kabla ya kusoma hata neno moja.

"Wapangaji wote. Jumatatu maji yatafungwa kwa matengenezo ya bomba, jazeni ndoo mapema. Masalia ya sponji na vitambaa yasiachwe ngazini, wahusika wanajijua. Ufunguo wa choo cha chini urudishwe msumarini. Mwenye pikipiki ya bluu aiondoe mlangoni. Pia: fundi makochi anasema usiende."

Nikasoma mara mbili.

"Jina liko wapi?" akauliza Vanishi.

Nikampigia Mwenyekiti. "Jina liko wapi?"

"Majina ya watu siweki kwenye matangazo bila kosa," akasema. "Ni mambo binafsi hayo. Neno lako si nimeliweka?" Akakata.

Sasa palikuwa wazi pa kuandikia. Nikashika simu kwa mikono miwili. Lakini majibu yalikuwa yameanza kumiminika, na kila nikiandika herufi, jibu jingine linaruka na kunipoteza. Nimepokea. Nimepokea. Nimepokea, maji saa ngapi? Dole gumba. Mshonaji wa sare akauliza, "Nisiende wapi, fundi? Chooni?" Wakacheka, nyuso za kucheka zikajaa. Vanishi akaandika, "Someni mpaka chini nyie!" na hakuna aliyemjibu. Mimi nilikuwa nimefika P, i, n.

Hapo jina lake likatokea. "Anaandika."

Kidole changu kikasimama. Ikapotea. Ikarudi, "anaandika". Ikapotea tena. Vanishi akanishika bega, na mimi nikajua kile alichokijua yeye Jumatano, juu kwenye cherehani yake, pazia la mlango likiwa wazi.

Halafu likaja.

"Nimepokea."

Hakuna jina, hakuna ua. Neno moja, lile lile la kila mtu, la takataka na la msiba. Kabla sijamaliza herufi zangu, mstari wa kijivu ukarudi. Mwenyekiti amefunga.

"Amesoma," Vanishi akasema. "Yule husoma mpaka chini, unamjua."

"Ndiyo. Namjua."

"Basi amekubali! Amekupokea, si ndiyo?"

"Au amepokea habari za maji."

 Vanishi akachukua kitambaa akaanza kufuta brashi iliyokuwa safi tayari. Kule kwao Pindo, nadhani viatu vimekwisha kauka rangi, vimepangwa ukutani vinangoja asubuhi.

Nikatoka kwenye grupu, nikaingia kwake peke yake, pale ambapo hakuna wa kufunga. Nikaandika kwa muda mrefu. Najua kama alikuwa ameshika simu aliniona, anaandika, anaandika. Nikafuta yote, nikabakiza maneno mawili, mafupi kiasi kwamba hayawezi kukatika:

"Umepokea nini?"